Siku Kumi Nilizokupangia

Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Usingizi umerudi? Shangazi ananiambia unakula, ila anasema kwa haraka, kama mtu anayefunika chungu. Simu yako umeizima tangu siku ya tatu ya msiba, na kuongea nawe kwa simu ya shangazi, naye amekaa pembeni anajibu kwa niaba yako, naona hatuongei. Ndiyo maana naandika.

Mimi mzima wa mwili. Kutulia ndiko kunakonishinda. Kitanda nimekihamisha mara tatu mwezi huu: dirishani, mlangoni, dirishani tena. Ofisini nachemsha chai nasahau kuinywa. Juzi jirani alikohoa kabla ya kubisha hodi, vilevile kama baba alivyokuwa akikohoa akifika kwenye kona ya nyumba ili tujue anakuja. Nilijikuta nimeshasimama.

Kuna jambo nisipokueleza nitaendelea kuzunguka humu chumbani.

Unaikumbuka ile huduma ya simu niliyokuandikisha mwaka jana, wewe na akina mama wenzako wa Sindeni mnaouza mahindi? Ghala la Korogwe likitaka mzigo linatuma ujumbe. Unabonyeza moja kama unao, mbili kama huna. Kazi yangu hapa si ya kompyuta sana. Nawauliza wafanyabiashara wanavyofanya shughuli zao, nachora kila hatua kwenye karatasi, kisha wenzangu wanaiingiza kwenye mashine. Tulipokuwa tunaichora ile, meneja wetu Deo aliuliza, muuzaji asiyejibu tumsubiri siku ngapi kabla hatujamwandika kuwa haaminiki? Wote wakanitazama, maana mimi ndiye wa huko. Nikasema kumi. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Wiki iliyopita tulikaa kupunguza orodha kabla ya mavuno. Anayetolewa hapati oda msimu mzima. Deo akafika kwenye jina lako.

“Huyu yuko kimya siku hamsini. Mtoe, dada Zaina.”

“Huyo ni mama yangu.”

“Aa, kumbe tunafanya kazi na wakwe!” Juma, mwenzetu wa kwenye mashine, akacheka.

“Amefiwa na mumewe. Yuko eda.”

Kicheko kikakatika. Deo ndiye aliyenipeleka stendi siku ile ya msiba, ila jina lako hakuwa analijua. Akasema taratibu, “Pole, dada. Lakini mfumo haujui eda.”

“Haujui kwa sababu mimi sikuuambia.”

Mama, eda yako ni miezi minne na siku kumi. Mimi nilikupa zile kumi tu.

Nilitoka nje nikampigia Mzee Mhando, mwenye lile ghala la Korogwe, pale Masuguru, nimuulize kama na yeye ameliona jina lako lina alama nyekundu. Alikuwa ameliona.

“Mimi nimekaa kwenye mkeka wenu nikamsomea marehemu dua,” akasema, “leo simu inaniambia mjane wake haaminiki! Ni simu gani hiyo isiyofiwa?”

“Mzee, aliyepanga hivyo ni mimi.”

Akasema, “Basi panga upya, mwanangu. Kalamu si unayo?”

Nilirudi ndani nikachora namba ya tatu. Mtu akibonyeza tatu, ina maana ana udhuru: msiba, ugonjwa, uzazi. Jina lake linakaa, wala hatumiwi ujumbe mpaka aseme mwenyewe. Deo akauliza, je, mtu akidanganya?

“Nani adanganye msiba?” nikasema.

“Dada, huwajui Wabongo,” akadakia Juma. “Bibi yangu mimi amekufa mara nne tangu niajiriwe.”

Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu nitoke huko. Ndipo tukakubaliana kwamba jirani au mnunuzi mmoja athibitishe, maana kwetu nyumba yenye matanga haifichiki. Deo amekubali tuijaribu msimu huu. Nimewapigia wengine wote waliokuwa kimya, kumi na wawili. Mmoja wa Kwashemshi amejifungua pacha. Alinijibu huku wote wawili wanalia, akaniambia nifanye haraka. Wewe Mzee Mhando amekuthibitishia. Jina lako lipo.

Nikampigia shangazi kwa furaha ili akuambie. Akaniacha nimalize, kisha akasema, “Zaina, umemuuliza mama yako?” Akaniambia ulimwambia kwamba hata ukitoka eda huoni kama utarudi kwenye mahindi, kwa kuwa gunia ni kazi ya wawili, mmoja ashike mdomo, mwingine ashone.

Miaka yote nimewaona mkifanya hivyo, wewe umeshika, baba anapitisha sindano, wala hamsemi kitu. Na bado nilikupigania nafasi kama vile baba ametoka kidogo tu. Pengine ni mimi ninayetaka uwe na shughuli, kwa sababu mimi bila shughuli siwezi kukaa.

Nisalimie shangazi, na umwambie sikukasirika. Nisalimie mjomba aliyetushikia shughuli yote ya mazishi, na kaka Hamisi na mkewe wanaokuchotea maji.

Mama, ukitaka kurudi, hata kwa gunia moja, utarudi. Ukitaka nikutoe, mwambie shangazi aniambie “mtoe”, nitalifuta jina kwa mkono wangu bila kuuliza. Na ukinyamaza, sitahesabu siku.

Mwanao,
Zaina