Musaliti wa Eshek Alikuja Kuposa

Maman Béata,

Juma lililopita uliambia bibi bote banyamazie ndoa za bajukuu. Ulikosea, na nilizima redio. Lakini naomba msaada wako, juu hapa Nkungu hakuna wa kuniambia ukweli bila kuniogopa.

Mujukuu wangu Nishimwe anacheza na benzake mchezo wa eshek, ile sataranji, ku telefone, kila muntu anapewa kwa siri mufalme, farasi au askari, na mumoja kati yabo ni musaliti anayetafuta mufalme amuue, basi banabishana halafu banapiga kura ya kumufukuza banayemushuku, na mimi ambaye sikumaliza darasa la tatu ninakaa pembeni ninachambua maharagi na ninamukamata musaliti, juu hawi wa kwanza kutaja jina, anangoja mwingine ataje halafu anafuata. Sasa Ushindi, kijana wa Bukavu anayeuza samaki Kamembe na anayecheza nabo, akiwa musaliti, ukimuuliza neno anageuka kuuliza hali: “Maman aliamuka? Batoto beko muzuri?” Nikimushika anacheka, ananiita bibi: “Nyogokuru, wewe ni polisi.”

Jumamosi alikuja na bajomba zake kumuposa Nishimwe. Nikamuuliza, mama yako yuko wapi, mbona hakuja? Akageuka: “Na nyinyi, Nyogokuru, mvua ilibaachia mihogo?” Nikasema mbele ya bote, huyu ni musaliti, ninamujua. Bakasimama, bakaenda na kreti zao za soda. Nishimwe ananipa chakula bila kuniangalia. Lakini vita ya kwanza, tukiwa Bukavu, muntu wa salamu tamu aliingia kwetu, na kesho yake bakamuchukua bwana yangu. Nilikosea wapi?

Nyirabagenzi

*

Nyogokuru,

Pole kwa bwana yako. Jumamosi ulimuona yule mwenye salamu tamu amesimama mlangoni, Ushindi hukumuona.

Masikio yako ni mazuri, ila unacheza nusu ya mchezo. Muntu akigeuza maneno, unajua anaficha kitu. Hujajua anaficha nini. Musaliti anaficha, na mufalme naye anaficha, tena zaidi. Ulishasikiliza Ushindi anavyosema akiwa mufalme? Hukuandika.

Kijana ameleta bajomba, mama hakumuleta. Kijana wa Bukavu, baada ya vita hii ya sasa kuingia mjini na bantu kukimbia kila upande. Jibu lake silijui. Lakini hapa mpakani ninajua wengi wasiojua mama zao walifikia wapi, na ukiwauliza wanakuuliza wewe habari za mihogo.

Na kumuita muntu musaliti mbele ya bantu, wewe uliyeona bintu ulivyoona, haya huna? Ku telefone anayefukuzwa anarudi mchezo unaofuata. Kwa bakwe harudi.

Kesho panda moto, pikipiki ya abiria, ushuke Kamembe sokoni. Nenda mwenyewe, usimutume Nishimwe. Mwambie ulikosea, neno hilo hilo, bila kulizunguka. Habari za mama yake usimuulize. Kaa naye mpaka aseme mwenyewe. Asiposema, mwalike hivyo hivyo, na bajomba zake, siku watakayochagua wao.