Chembe za Mishipa Bado Hazijafika Songea

Jumapili, Julai. Baridi ya Songea leo imetuweka ndani ya makoti mpaka saa sita mchana.

Ijumaa nilikwenda hospitali. Sijamwambia mtu. Miezi mitatu sasa kifua kinanibana nikiwa na gunia la mahindi kichwani, nikilishusha, kinaachia. Nilijua ni kichomi cha baridi hii, kwetu Tabora hakuna kitu kama hiki. Nikaenda kwa mganga, nikachanjwa chale kifuani, nikapakwa dawa, nikarudi kwenye ghala la tajiri kubeba.

Daktari aliziona zile chale, hakunigombeza. Alisema mishipa inayolisha moyo imeziba kwa mafuta. Nimeze vidonge kila siku, niache sigara, na magunia basi. Kisha, labda kwa kuniona nimenywea, akasema huko ng'ambo wanatengeneza chembe ndogo mno, za kutafuta mshipa ulioziba na kuutibu.

Nilitoka pale na hizo chembe tu kichwani. Mengine yote niliyaacha mezani kwake.

Leo nimemwomba mama mwenye hii intaneti kafe anisomee habari zake, maana ziko kwa Kiingereza na mimi niliishia darasa la sita. Chembe zinaingia kwenye damu, zinajishika palipo na mafuta, zinaonekana kwenye picha, na nyingine zinashusha dawa hapo hapo. Nikacheka. Wapagazi kama sisi.

"Zinafika lini Songea?" nikamuuliza.

"Kaka yangu, hata huko bado wanazijaribu."

Nimekaa hapa nafikiri. Ukweli ni huu: nazipenda chembe hizo kwa sababu haziniulizi kitu. Vidonge, na kuacha magunia, vinanitaka niseme kwamba naumwa.

Na wa kuambiwa kwanza ni Komba, Mngoni ninayefanya naye kazi. Yeye ndiye anayenitwisha. Juzi nilisimama kuvuta pumzi, akapiga kelele, "Mnyamwezi gani wewe! Babu zako walibeba pembe mpaka pwani, wewe gunia moja tu unahema?" Ghala zima likacheka. Na mimi nikacheka, mkono kifuani.

Anatania kwa sababu hajui.

Siku nikianguka, nitaanguka na gunia alilonitwisha yeye. Atajilaumu maisha yake yote, na kumbe ni mimi niliyemficha. Nyapara akiniondoa kazini, aniondoe. Kesho asubuhi, kabla Komba hajainama kushika gunia, nitamwambia.