Nikasome Sheria Nimtetee Baba, au Nimtetee Mjomba?

Bi Pili, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimefika mahali sijui niseme nini na kwa nani. Mimi ni binti wa Mgeta, nimemaliza kidato cha sita pale Kilakala, matokeo yangu ni mazuri, wala sijisifu, natamani hata yangekuwa mabaya, kwa sababu nimechaguliwa kusoma sheria vyuo viwili, kimoja hapa hapa Morogoro na kingine Dar es Salaam, na natakiwa kuthibitisha kimoja kabla dirisha la udahili halijafungwa Jumapili, na kila nikishika simu naiweka tena chini.

Mama yangu alifariki mwaka juzi. Shamba tunaloishi ni la ukoo wake, kwetu Waluguru ardhi inafuata kwa mama, na baba alihamia hapo alipooa, akachonga matuta kwenye mteremko uliokuwa mawe matupu, akapanda pichesi, akajenga nyumba ya matofali, na muda wote mama akiwa hai hakuna aliyesema neno. Baada ya arobaini mjomba wangu Athanas, anayekaa Bigwa, Morogoro mjini, akaja na wazee wa ukoo wakamwambia baba kwamba mwenye shamba ameondoka, na yeye afikirie kurudi kwao. Baba alichukua jembe akaenda kupalilia kabichi.

Tangu siku hiyo wote wananiangalia mimi. Mjomba anasema, "Mpwa wangu, soma hapa Morogoro, utakaa kwangu, ukoo wetu haujawahi kuwa na mwanasheria, huyo mzee tutamtoa kwa sheria, si kwa ngumi." Baba naye anasema, "Mwanangu, nenda Dar kwa shangazi yako, upande wa mama yako wasikujaze maneno, usome urudi unitetee, mimi sina mwingine." Na mimi nimelelewa kutomkatalia mkubwa, basi nikamwitikia mjomba mbele ya wazee wakanibariki, nikamwitikia na baba jikoni, na shangazi wa Dar ameshaniandalia kitanda.

Namba ya kuthibitisha imekuja kwenye simu ya baba, kwa kuwa yangu ilikuwa mbovu nilipoomba. Kila asubuhi kabla ya chai ananiletea ile simu ameifuta kwa shati lake, ananiuliza, "Umeshabonyeza Dar?" namwambia mtandao unasumbua. Mtandao hausumbui, Bi Pili.

Chuo cha Morogoro nilikipenda kabla ya haya yote, mwalimu alitupeleka tukiwa kidato cha tano, tukakaa kwenye mahakama yao ya mazoezi, nikamwona msichana anajenga hoja na sauti haitetemeki, nikarudi nikamwambia mama kwamba nitasoma pale. Sasa nikikichagua baba ataona nimemsaliti, na nikienda Dar ukoo utasema nimeukana, na ukoo ndio mama. Kuna siku naona bora dirisha lijifungie, nibaki nikibeba karoti kichwani mpaka barabarani kama wenzangu. Sili vizuri, silali. Naona hakuna njia ambayo simuui mtu. Nifanye nini?

Scholastika, Mgeta

Marahaba, mwanangu Scholastika. Pole kwa kufiwa na mama, na pole kwa hizo asubuhi. Sasa nikugombeze kidogo.

Watu wazima wawili wanakugombania uwe wakili wao, nawe umekubali hata kabla hujaingia darasani. Unajua uwakili unakuja lini? Kuna miaka ya shahada, kuna mafunzo ya vitendo, kuna kuapishwa. Mpaka uvae joho, ugomvi huo utakuwa umeshaamuliwa na wengine, kwa wema au kwa ubaya. Hakuna chuo kati ya hivyo viwili kitakachomwokoa baba yako mwaka huu. Ni neno gumu, afadhali ulisikie kwangu.

Kisha kuna jambo umelipita kama hulioni, msomi mzima. Kama ardhi kwenu inafuata kwa mama, mama akiondoka inamwendea nani? Mjomba ni msimamizi wa ukoo, simnyang'anyi cheo chake. Lakini binti wa marehemu ni wewe. Wanakuandaa uwe wakili kwenye shauri ambalo wewe ni mmoja wa wenye shamba! Basi acha kujikunyata. Nenda Bigwa, msalimie mjomba kwa heshima zake zote, umwombe akuitie wazee, na useme mbele yao: "Wajomba zangu, naomba baba aachwe kwenye nyumba ile mpaka Mungu atakapomchukua. Yupo pale kwa ajili yangu." Wanaweza kukataa, sikudanganyi. Wakikataa, lipo baraza la ardhi la kijiji, na ulizia msaidizi wa kisheria hapo kwenye kata, aende na baba yako. Yeye anahitaji mtu wa leo.

Tuje kwenye chuo. Barua yako imejaa baba na mjomba, na wewe mwenyewe nimekuona mahali pamoja tu, pale kwa yule msichana ambaye sauti yake haikutetemeka. Hiyo inanitosha. Soma Morogoro. Ila usikae kwa mjomba hata wiki moja. Omba bweni chuoni, asiwepo wa kusema umelala kwake ukaamka upande wake. Shangazi wa Dar mpigie wewe mwenyewe, umshukuru kwa kitanda.

Na hilo la mtandao likome. Kesho baba akikuletea simu, usiipokee kwanza. Mwombe aiweke mezani, akae. Mwambie ni Morogoro, na kwamba ulishamwambia mama zamani. Ataumia. Huenda akachukua jembe akaondoka bila kunywa chai, nawe utalia. Usimkimbilie ukabadili neno. Bonyeza, kisha mpelekee chai yake shambani.