Utani wa Msibani Umepewa Zawadi

Mtendeni, Tabora

Kwa Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na mvua za Kisarawe hazijakufungia ndani. Sisi huku wazima. Baba watoto yuko palepale stesheni, nami jioni nafundisha kisomo cha watu wazima. Afya ninayo, Shangazi, ila roho imenichafuka, na nisipokuandikia wewe uliyenifunza utani nitapasuka.

Unamkumbuka Mzee Maganga, jirani yetu Mnyamwezi niliyekuandikia mwaka jana kuwa amefariki? Ujanani, enzi za Mjerumani, alibeba mizigo ya misafara kutoka Ujiji hadi Bagamoyo. Siku ya msiba nilifanya ulivyonifunza: Mzaramo kwa Mnyamwezi, mtani wake, hakai kitako akalia. Nikavaa koti lake na kofia yake, nikatembea kwa mikogo uani nikipiga kelele: "Mnamlilia nani? Huyu alikula posho ya wapagazi wenzake! Aliuza pembe za msafara mtoni Malagarasi, akasingizia mamba!" Watu walicheka hadi machozi. Mjane wake, Bi Nyamizi, aliyekuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, akacheka, kisha akaomba uji.

Basi, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Shule za sekondari za huku zimeshindanishwa kuandika historia, wanafunzi waende kwa wazee wakaitafute wenyewe. Jambo jema, nami nililisifu. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, mgeni mkoani, kumbe alikuwapo pale msibani. Juzi akatangazwa mshindi, na Bi Nyamizi akaletewa mwaliko kwamba insha ya kwanza inamhusu marehemu. Alivyofurahi! Eda imekwisha, akavaa khanga mpya, akanishika mkono hadi ukumbini. Wakatuweka mstari wa mbele.

Kijana akasoma kwa sauti ya mhubiri. Maganga alikuwa mnyonyaji. Maganga alikula posho ya wapagazi. Maganga aliuza pembe akasingizia mamba. "Ushahidi huu ulitolewa na jirani yake, mbele ya maiti." Makofi!

Nikasimama. "Jirani mwenyewe ni mimi. Nilikuwa namtania. Mimi Mzaramo!"

Kiongozi wa waamuzi akatabasamu. "Utani tunaujua, mama. Lakini lisemwalo lipo. Na insha hii ina mafunzo kwa Taifa."

Walijua! Hilo ndilo linalonitia kinyaa. Kijana ningemsamehe, aliandika alichoona kitampa ushindi. Lakini watu wazima, wenye watani wao, wanaotaniwa kwao misibani, wanakaa na suti zao za Chou en Lai wanampaka mtu matope kaburini ili wasikike wana siasa safi! Kuuliza si ujinga. Mbona hakuna aliyekwenda kumwuliza Bi Nyamizi, aliyekuwa akimkanda mumewe bega kwa mafuta ya mawese kila masika? Bega lote sugu la mzigo. Mnyonyaji gani huyo mwenye sugu begani? Niliwaomba waifute, wakanijibu imekwisha kupigwa mhuri, inakwenda Dar es Salaam. Nikitazama ukumbi ule sasa natema mate, baba watoto ananiambia nitafungwa.

Nisalimie mama, na kaka yangu seremala, na yule wifi yangu mfinyanzi mwenye maneno mengi. Watoto usiwasomee barua hii, wasije wakadhani shule ndiyo hiyo.

Siku ile nilirudi na Bi Nyamizi kutoka ukumbini. Tulipofika mlangoni kwake nikaanza kumchokoza kama kawaida yetu, nikamwambia khanga ile ameiba kwa Wazaramo, ili acheke tu. Akaniwekea mkono mdomoni, tena kwa upole.

"Mwanaheri," akasema, "nikifa mimi, uje ulie kama watu wengine."

Ni mimi mwanao,
Mwanaheri