Kikombe cha Fransiska

Jumapili, 5 Agosti 1984

Ruhusa imetoka. Siku nane! Bwana Stoo, mkubwa wangu wa kazi hapa shambani, alitaka kunipa nne, nikamwambia kwetu Endagikot si chooni, mtu haendi na kurudi hapo hapo. Akacheka, akasaini.

Jumamosi mdogo wangu Efrazia anaolewa. Anayemchukua ni mwalimu Joakimu wa Gitting, mtu mpole mwenye masikio makubwa. Pascal wangu haendi. Ni mavuno. Dereva wa kombaini akiomba ruhusa mwezi huu anaonekana kichaa.

Jioni alinipeleka mwisho wa shamba. Ngano imekatwa pande zote, yamebaki mabua. Ameacha kipande kimoja kimesimama, ukubwa wa kitanda. Nyapara amemwuliza mara mbili kwa nini anazungusha kombaini pale, naye amejibu kuna jiwe. Jiwe! Nikacheka. Halafu nikalia, halafu nikamkasirikia yeye kwa sababu nimelia mbele ya madereva wenzake.

Hakuna jiwe. Kuna mtoto wetu. Alikuja mwezi wa tano, kabla ya wakati wake, akakaa siku mbili. Sista wa zahanati alimbatiza. Tulimwita Philomena, jina la Mama. Jana zimetimia wiki kumi.

Nyumbani hawajui. Hata mimba hawakuijua. Nilitaka kuwashtukiza, niingie harusini na mtoto mgongoni, Mama apige kelele. Kujidai kwangu! Halafu yalipotokea ningeandikaje? Mama hajui kusoma. Barua zangu anazisoma kaka Tadeo, kwa sauti, na Tadeo akisoma barua hata jirani anasimamisha jembe. Basi wiki ile ile ya mazishi nikaandika: "Sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu." Kwa mkono wangu. Nimeungama mengi, hilo bado.


Jumatatu, 6 Agosti

Katesh. Nimekuja juu ya lori la magunia, nimeshuka mweupe kama mwizi wa unga. Nimelala kwa Sauda, mke wa Saleh mwenye duka. Hawa ndio waliotuletea sanda. Kwa hiyo kwake sina la kuficha, nakaa nimenyoosha miguu.

Amenipa khanga za bibi harusi, doti nzima, na sukari kilo mbili ambayo sijauliza imetoka wapi. Mimi nina debe la unga wa ngano. Nitaingia nyumbani kama tajiri.

Akaniuliza, umewaambia? Nikasema bado. Akasema Hilaria, mficha uchi hazai. Nikamjibu: "Nilizaa, Sauda. Nilizaa." Akaniongezea chai. Maskini, hakukusudia.

Nimemweleza ya kwetu. Mwanamke aliyefiwa na kichanga haingii nyumba za watu. Wazee wanaita metimani. Anakaa peke yake, sahani yake, kikombe chake, njia yake ya kwenda majini, mpaka wazee waseme basi. Ng'ombe hasogelei. Na bibi harusi ndiyo kabisa! Akimgusa, yule naye atazaa na kuzika. Sauda akauliza, na nyinyi si Wakristo? Nikasema Baba ni katekista, kila mwaka anahubiri kwamba mambo hayo ni giza, na nyumbani kwetu hayapo.

Akauliza tena, sasa unaogopa nini? Nikazikunja upya khanga za bibi harusi.


Jumanne, 7 Agosti

Basi. Vumbi. Pancha mbili kabla ya mlima. Dongobesh jioni, baridi ya kwetu ikanipokea kwa makofi. Nimesahau sweta! Miaka mitatu kwenye tambarare za ngano na nimekuwa mgeni wa baridi.


Jumatano, 8 Agosti

Nimefika. Mama alinikumbatia mpaka debe likataka kuanguka. Efrazia amenenepa, anang'aa, anaongea bila kupumua. Baba ameshika kichwa changu nilipomwamkia, akasema marahaba mwanangu, akarudi kuandika matangazo ya kanisa. Amezeeka. Nimeipenda nyumba yote kwa saa moja nzima.

Halafu Shangazi. Dada yake Baba, mwenyekiti wa kwaya, sauti ya kuita ng'ombe toka Maretadu. Ndiye anayesimamia mambo. Akanieleza kazi yangu: Jumamosi asubuhi, kabla Efrazia hajatoka mlangoni, mimi dada mkubwa nitampaka siagi utosini. Lazima awe mwanamke wa ndoa ambaye kwake hakujafiwa. Akanikagua juu mpaka chini. Akamwambia Mama, bila hata kushusha sauti: "Hajapata mtoto, lakini angalau hajazika. Mkono mtupu, lakini msafi."

Kisha akaniuliza mwenyewe, kwa lugha yetu, macho kwa macho. Kwako hakuna msiba?

Nikasema hakuna.

Ilitoka haraka kuliko amina. Efrazia alikuwa pembeni, amefurahi, amenishika mkono. Huo huo mkono.

Nikauliza wifi yuko wapi, Fransiska, mke wa Tadeo. Mama akasema anapumzika. Nikamwona mwenyewe nilipokwenda kuchota maji. Kuna kibanda nyuma, tulichokuwa tunawekea kuku. Amekaa mlangoni, anachambua maharage yake peke yake. Pembeni yake kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, kimepinduliwa juu ya kigingi, mbali na vyombo vingine.

Jikoni wameninong'oneza: alijifungua mwezi wa nne, mtoto hakulia. Tadeo hakuniandikia hilo. Naye aliandika hawajambo.

Nyumbani kwetu hayapo! Sawa Hilaria.


Alhamisi, 9 Agosti

Siku nzima maandazi. Unga wangu umesifiwa mpaka nikaona haya. Wanawake kumi jikoni, kila mmoja fundi. Nimekanda, nimekata, nimechoma kidole. Mikono haikupumzika, na kila kitu ilichogusa kililiwa na watu. Nilikuwa nawatazama wakitafuna. Hakuna aliyeanguka.

Lakini niandike ukweli hapa, huku hakuna wa kunisoma: kila walipomeza niliogopa. Mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne. Mimi ninayemcheka Shangazi.

Baba nimemfuatilia kwa macho. Asubuhi alikuwa anaenda zizini. Njia fupi inapita mbele ya kibanda. Alifika pale, akakunja kulia, akazungukia kwenye migomba. Miguu yenyewe ilikunja, sidhani hata alifikiri. Nikamkumbuka Pascal na kombaini yake. Ila Pascal anazunguka kwa kupenda.

Sahani ya maandazi ya Fransiska amepelekewa na Tadeo. Ameiweka chini, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama kumwangalia mke wake akila. Alisimama muda mrefu. Sijawahi kumwona kaka yangu mnyonge hivyo, na keshokutwa atacheza ngoma.


Ijumaa, 10 Agosti

Nimesema.

Kwanza Mama. Alikuwa anakamua. Nilikwenda nimejiandaa, maneno nimeyapanga tangu usingizini. Nikasimama mlangoni mwa zizi. Akauliza bila kugeuka mbona nimesimama huko, nisogee nimshikie ndama. Sikusogea. Akageuka, akaona miguu yangu ilipoishia. Nadhani alijua kabla sijafungua mdomo.

Nikamwambia yote. Mimba, mwezi wa tano, siku mbili. Hakuacha kukamua, kwa sababu ng'ombe haachwi nusu. Maziwa yalikuwa yanapiga kibuyu na mimi naongea. Alipomaliza akafunika, akafuta mikono.

"Mlimpa jina?"

"Philomena."

Akakaa chini pale pale kwenye samadi na kitenge chake kizuri. Nikasahau ng'ombe, nikasahau kila kitu, nikaingia. Tumelia kwa sauti ndogo, mdomo kwenye bega, maana jikoni kumejaa watu. Alinishika tumbo kama anatafuta kitu alichodondosha. Mama yangu. Kwa nini sikuja mwezi wa tano? Ningetembea kwa miguu.

Halafu akajikaza, akawa mama wa shughuli. Akasema nisimwambie mtu. Kesho nimpake mdogo wangu, gari la parokia lije, watu waende kanisani, mambo yaishe. Nikamwuliza, na Fransiska? Mama akainua kibuyu.

"Fransiska walimwona wote."

Hivyo tu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayesema mvua imenyesha. Nimekaa na sentensi hiyo tangu saa moja asubuhi. Yaani tofauti yangu na wifi ni kilomita. Mimi nilizika mbali.

Saa tisa nimekwenda kibandani. Njia yote nilihisi jikoni wananitazama mgongo, kumbe hakuna aliyetazama, walikuwa wanagombana kuhusu mchele. Fransiska akainuka haraka, akarudi ndani, akasema wifi ishia hapo. Nikapita. Ndani hata kuku hawakuacha joto. Nikachukua kikombe chenye ukingo wa buluu.

"Hicho changu, wifi. Usikiguse."

"Najua. Nipe maji."

Kisha akaniuliza neno moja: "Lini?"

"Mwezi wa tano."

"Mimi wa nne," akasema, akanimiminia.

Tumekaa. Ameniuliza alikuwa na nywele? Nikasema nyingi. Wake pia. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nywele, hata Pascal. Tumezungumza nywele mpaka jua likaingia mlangoni. Alinisihi nisijitaje. Alisema watakuleta hapa na kitanda ni kimoja. Tukacheka, jamani, tukacheka kama wasichana.


Jumamosi, 11 Agosti

Naandika ndani ya Land Rover ya parokia. Mwandiko mbaya, si gari linalotikisa. Gari limesimama.

Alfajiri nilimwamsha Efrazia, nikamwambia. Nilimwambia siwezi kukugusa hujui. Wewe ndiye utakayezaa, uchague wewe. Nilitegemea aogope. Alikasirika! Alisema ulikuwa na mtoto hukuniambia? Mimi mama yake mdogo? Miezi miwili nimekuandikia habari za shela na viatu, na wewe unanijibu habari za viatu? Akatoka bila khanga mabegani, kwenye ukungu ule.

Nikachukua kitabu hiki na sweta ya Mama, nikaenda kwa Fransiska. Nikasema basi, Shangazi atampaka mwenyewe, sisi tutasikiliza kengele tukiwa huku. Tulikuwa tumekaa hivyo wakati tulipomsikia Shangazi akiita Hilaria, Hilaria, siagi iko wapi?

Siagi alikuwa nayo Efrazia. Amesimama mlangoni mwa kibanda, gauni jeupe, kibuyu kidogo mkononi. Hakuuliza aingie. Aliinama, akaingia, akakaa chini katikati yetu, akavua kitambaa cha kichwa.

"Nipakeni nyote wawili. Haraka, gari limefika."

Fransiska alikataa. Mikono alificha nyuma. Efrazia akaivuta mmoja mmoja. Tumempaka, mimi na yeye. Siagi nyingine iko kwenye ukurasa huu, angalia. Niliogopa mpaka mwisho, na nikapaka.

Tulipotoka sote watatu, jikoni waliacha miiko sufuriani. Hakukuwa na haja ya kuwaambia, Efrazia mwenyewe aliwaambia, kwa sauti ya kufundishia darasa. Mama akafunika uso kwa kitenge. Tadeo akaja mbio, akamfungulia mke wake mlango wa gari, akasimama pale kama askari. Wasichana wawili wa kwaya walikuwa wameshakaa. Walishuka.

Sasa Shangazi amekaa chini mbele ya bampa na gauni lake la kwaya. Analia. Anasema walie wanaotaka kulia, gari hili litampita juu. Simchukii. Anaogopa kweli, amemlea Efrazia tangu alipoachishwa ziwa, anaona tunampeleka kaburini na shela. Dereva anatazama saa. Misa ni saa nne. Watu wa Gitting, upande wa Joakimu, wameshafika kanisani.

Shangazi amemwita Baba. Amemwambia: "Kaka, ya Jumapili tumeyasikia. Leo sema hapa."

Baba amesimama uwanjani, rozari mkononi, watu wote wanamtazama mdomo. Muda unakwenda. Efrazia ananibana vidole. Sasa amegeuka, anakwenda nyuma ya nyumba. Mama ameshusha kitenge.

Hakukunja kwenye migomba. Amepita njia fupi.

Anarudi. Ameshika kitu. Ni kile kikombe, ukingo wa buluu unaonekana mpaka hapa. Fransiska pembeni yangu ameshika sweta yangu. Baba amempita Shangazi, amewapita wazee wenzake. Amefika kwenye mtungi wa maziwa ya wageni. Anafunua, anachota kwa kikombe kile, anakunywa mbele ya watu wote.