Sauti ya Jasusi

Mdogo wangu Kitinda,

Huku hatujambo. Duka langu la rangi linakwenda, na bango la filamu yako limebandikwa ukutani kwangu bila mtu kuniomba ruhusa. Umeshika bastola, umenuna kama siku ile uliponyolewa kwa nguvu. Wateja wanamuulizia jasusi kabla ya kuulizia rangi.

Jumamosi nilimpeleka mama sinema. Nilikata tiketi tatu, maana uliahidi kuja, na mama alikataa kiti chako kikaliwe hata na mkoba wangu. Unajua macho yake yamekwisha, alikwenda kukusikia. Ulipokimbia juu ya mapaa nilimnong'oneza, "Anaruka, mama. Ameshatua, mzima." Akatulia, akingoja useme.

Ukasema. Mama akanivuta mkono.

"Huyo nani?"

"Si ndiye Kitinda huyo, mama!"

"Usinidanganye. Kitinda nimemzaa mimi."

Majina yalipopita mwishoni, nikasoma kwamba sauti ya jasusi ni ya mtu mwingine. Labda ndivyo kazi yenu ilivyo, sijui. Ila ungenidokeza mapema, nisingemtoa mama wa watu nyumbani. Tulipofika akasema tu, "Nilidhani angalau huko nitamsikia."

Namba yake ni ileile, na simu anailaza karibu na sikio. Usimtumie zawadi nyingine. Redio uliyomletea inaongea kutwa, lakini haijui kumwita mama.

Piga wewe.

Dada yako