Cucu, Jina Letu Limeitwa Darasani

Cucu,

Wamenizuia kufanya mtihani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula.

Nakuandikia nikiwa hapa kwako Kiganjo, kwenye ile meza ya jikoni uliyoiwekea kibao mguuni isiyumbe. Wenzangu wako chuoni mjini Nyeri, wanafanya karatasi ya takwimu. Mimi nimekama ng'ombe, nimepeleka maziwa, nimerudi, na sasa sina la kufanya. Nina hasira. Ungekuwepo ungeniambia nitoke nje nikapasue kuni hasira iishe. Nimeshazipasua.

Sheria ya chuo unaijua, maana nilikusomea mwenyewe siku niliyopata nafasi: anayekosa masomo mengi hafanyi mtihani. Uliipenda sana sheria hiyo. Ulisema hicho ni chuo cha watu wanaojiheshimu.

Basi nilikosa masomo mengi, sikatai. Ulipoanguka kule zizini na upande wako wa kulia ukakataa kusonga, wajomba walikaa kikao hapa sebuleni, kila mmoja na funguo za gari mkononi. Mjomba Karanja akaniita mami, vile wote wanavyoniita kwa sababu nina jina lako wewe mama yao, akaniambia: "Mami, si wewe ndio yeye? Mtu hujilinda mwenyewe." Wakacheka kidogo, wakanywa chai, wakaenda. Mama naye alipiga simu kutoka kwake Kangema, akasema watoto wa huko ni wadogo, hawezi kuwaacha. Kwa hivyo nikawa nakugeuza, nakulisha uji kwa kijiko, nakubadilisha. Hilo silijutii. Ila najua nikienda darasani leo nikapiga mayowe, hakuna hata mmoja wao atakayekuja kusimama nami.

Kiongozi wa darasa letu, Muriuki, alinipigia simu wakati huo akaniambia nisijali, atanisainia daftari la mahudhurio. Wengi husainiwa, Cucu. Mtu analala bwenini na jina lake liko darasani linasoma. Nilikataa. Nilikataa kwa sababu yako, kwa sababu ya ile asubuhi ya kwanza ya shule ya msingi, tukiteremka njia ya kupelekea maziwa, wewe ukiita jina na mimi nikiitika "Niko" mpaka sauti ikatoka vizuri. Ulisema, "Ukiitwa jina, itika wewe mwenyewe. Usingoje mwingine akuitikie." Nimeitika hivyo maisha yangu yote. Waliosainiwa wako kwenye mtihani leo.

Kisha ukafa. Kuna mambo ya mazishi ambayo hukuyaona, wacha nikuambie. Walikuzika na ile gauni ya kijani uliyoshonesha ya kuvaa siku ya mahafali yangu. Mama aliitoa sandukuni akasema ndiyo nzuri kuliko zote, na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Halafu pale kaburini pasta akasoma jina lako lote, polepole: Grace Nyawira Kariuki. Na mimi nikaitika. "Niko," nikasema, na sauti ikatoka vizuri kabisa. Watu wakageuka. Mama akanifinya mkono. Mjomba Karanja alisema baadaye nipelekwe nikaombewe.

Lakini lilikuwa jina langu, Cucu. Mama alinizaa akiwa bado hapa kwako, hajaolewa, kwa hivyo nikapewa jina lako, na la mume wako, Guka, likawa ndilo la baba. Hata la ubatizo ulikataa nipewe jingine. Ulisema moja likitunzwa linatutosha sote wawili. Ukawa unaniita rika yako, na watu wa kanisani wakicheka wewe hucheki.

Sasa sikia lililotokea. Mama yake Muriuki alisikia matangazo ya vifo redioni akiwa shambani, akashika jina na Kiganjo, hayo mengine yakapita. Alijua mwanawe anasoma na Grace Nyawira Kariuki wa Kiganjo. Muriuki akanipigia, na simu yangu ilikuwa imezimika tangu matanga yaanze. Kufika jioni, darasa zima lilikuwa limenililia. Mhadhiri wetu wa takwimu, tunayemwita Daktari, akawasimamisha wanyamaze dakika moja. Akawaambia nilikuwa msichana mwenye bidii, kwamba sasa anaelewa kwa nini nilikuwa sionekani, na kwamba hakuna atakayenidai masomo niliyokosa. Akaandika "marehemu" kando ya jina letu.

Niliporudi, msichana wa mbele alitupa kalamu akakimbilia ukutani. Wengine wakacheka mpaka machozi. Hata mimi ningecheka, kama nisingekuwa nimetoka kukuzika. Daktari akanishika mkono, akasema tumshukuru Mungu. Kisha akachukua kalamu yake, akafuta "marehemu", na masomo yote niliyokosa yakarudi palepale.

Nilimfuata nje nikamwambia, mwalimu, ulikuwa umenisamehe. Akasema, wala hakusema kwa ubaya: "Hiyo ilikuwa ya marehemu, Nyawira. Wewe uko hai. Mtu akiwa hai analeta barua."

Nikapeleka barua ofisini na kibali chako cha mazishi. Yule mama wa ofisi alikitazama, akanitazama, akaita mwenzake. "Hii permit iko na jina yako," akaniambia. "Sasa ni nani alikufa?" Nikaeleza. Nilieleza vile watu wetu hupeana majina, na yeye ni wa hapa hapa, anajua, yeye mwenyewe ana jina la mtu. Alipoelewa akashusha pumzi. Akasema basi ni cucu, na cucu hayuko kwa sheria. Ni mzazi, mume ama mtoto. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini kama anayenihurumia, kwamba kila muhula cucu wanakufa sana kwa hii ofisi, na wengine wanakufa mara mbili.

Ni kweli. Wenzangu wamewaua cucu zao kwa sababu ya mpira, kwa sababu ya harusi ya rafiki, kwa sababu ya mvua. Nimewasikia wakipanga. Kwa hivyo ulipokufa wewe, wa kweli, na udongo bado uko kwenye viatu vyangu, ulikuta nafasi yako imeshatumiwa na waongo. Nilisema wewe ndiwe uliyenilea, wewe ndiwe mzazi. Akaniuliza kama mama yangu amekufa. Nikasema hapana, yuko Kangema. Akanirudishia karatasi zangu.

Nimewakasirikia wote, na hata wewe nimekukasirikia. Ulinifundisha kuitika mwenyewe na hukuniambia kuna mahali ambapo ni afadhali kuwa marehemu. Nilikuwa nimezoea kukuletea matokeo, unayashika juu chini ukijifanya unasoma. Sasa nitayaleta wapi?

Nitarudia somo hilo la takwimu mwaka ujao, pamoja na wadogo wa nyuma yangu. Wenzangu watavaa majoho bila mimi. Wajomba wanasema ni mapenzi ya Mungu, na kwamba kwa sasa, kwa vile niko nyumbani, niangalie ng'ombe. Nimewaambia ng'ombe nitamwangalia mpaka siku ya chuo kufunguliwa, baada ya hapo mwenye gari aje amkame. Karanja hakuniita mami siku hiyo.

Wacha nifunge, maziwa ya jioni hayangoji. Lala na gauni yako, Cucu, ilikukaa vizuri kuliko ambavyo ingekukaa kwenye viti vya plastiki vya mahafali. Nimekuahidi mengi nikikugeuza kitandani, na mengine hukuyasikia. Hili lisikie. Siku ya kwanza ya muhula yule daktari atasoma majina. Akifika kwenye jina letu atasita, maana anakumbuka alichoandika pale. Sitamngoja amalize. Nitasimama niitike, na niitike kwa sauti ile ya njia ya maziwa, ili kama kuna mtu mwingine wa jina hilo anayesikiliza, ajue hakuna aliyetusainia.

Mimi rika yako,
Nyawira